Ramani Haioni Tuta

Asubuhi moja ya Januari nilipiga magoti katikati ya matuta ya viazi, shambani kwa mama mmoja juu ya Isyonje, Mbeya, nikatazama kijiwe kidogo kama punje ya harage. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kijiwe kilisimama juu ya kinguzo chembamba cha udongo, kimekifunika kama kofia, na pande zote udongo ulikuwa umeshuka. Nikaweka rula: sentimita 1. Vijiwe vya namna hiyo vilikuwa vimetapakaa tuta zima, na matuta yenyewe yaliinuliwa Novemba.

Aliyefika Isimila, karibu na mji wa Iringa, ameona jambo hilohilo kwa ukubwa wa kutisha: nguzo za udongo zinazompita mtu kimo mara kadhaa, zilizobaki zimesimama baada ya maji kuondoka na kila kilichozizunguka. Isimila ni kazi ya miaka mingi mno. Kinguzo cha Isyonje ni cha miezi miwili. Sentimita 1 ikiondoka kwenye eka nzima ni mita za ujazo 40 za udongo, tena ule wa juu, wenye samadi ambayo mama huyo aliibeba mgongoni na mbolea aliyoinunua kwa fedha ya mavuno yaliyopita.

Mimi ni bwana shamba. Nilikuwa nimefika na ramani kwenye simu, ile inayopaka mashamba rangi kwa kadiri ya hatari ya mmomonyoko: kijani salama, njano wastani, nyekundu hatari. Shamba lake lilikuwa la njano. Aliitazama kwa muda, akaniuliza, “Bwana shamba, hii imelijuaje shamba langu?”

Nilimjibu ukweli: hailijui, inalikadiria. Nyingi ya ramani hizi zinafuata kanuni iliyotungwa na watafiti wawili wa Marekani, Wischmeier na Smith, ikachapishwa 1965 na kuboreshwa 1978. Huchukua nguvu ya mvua, ikaizidisha kwa wepesi wa udongo kubebwa, ikazidisha tena kwa urefu na ukali wa mteremko, kwa namna ardhi ilivyofunikwa na mimea, na mwisho kwa juhudi za mkulima za kuuzuia udongo. Jibu ni tani zinazopotea kwa hekta kila mwaka. Kipimo cha kulinganishia ni kiwanja kisicho na jani, chenye urefu wa mita 22.1 na mteremko wa asilimia 9.

Mteremko wa kwenye ramani unatokana mara nyingi na vipimo vya rada vya chombo cha angani Endeavour, kilichoizunguka dunia kwa siku 11 mwezi Februari 2000. Kila mraba wake ni mita 30 kwa 30. Eka moja basi ina miraba isiyofika 5. Ukiwa na eka na nusu kwenye ubavu wa mlima, shamba lako lote ni miraba kama 7, na tuta la kiazi haliwezi kuonekana humo hata kidogo.

Mimea nayo inasomwa kwenye picha za setilaiti, na hapo ndipo penye kosa ninalolipigia kelele kila mwaka. Zipo setilaiti zinazopita juu yetu kila baada ya siku 5, lakini mvua za nyanda zetu ni za Novemba hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo mawingu hufunika hata wiki nzima. Mtengeneza ramani huishia kuchukua picha safi anayoipata, mara nyingi ya mwishoni mwa mvua, wakati mahindi na viazi vimefunika kila kitu. Rangi inatoka ya kijani. Ila udongo hauondoki Aprili. Unaondoka Novemba na Desemba, jembe likiwa limetoka kupita na ardhi iko tupu, na matone ya kwanza yanapiga udongo mtupu.

Halafu kuna hiyo hesabu ya mwisho, juhudi za mkulima. Aghalabu huwekwa 1, yaani hakuna kilichofanyika, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kutazama. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wamelima milima mikali kwa ngoro, vile vishimo vilivyopangwa kama sega la nyuki, kwa zaidi ya miaka 100. Ramani isiyoyahesabu mashimo hayo itawapaka nyekundu. Mama wa Isyonje, ambaye matuta yake yalishuka moja kwa moja na mlima, ilimpaka njano.

Nilimuuliza kwa nini anayashusha. “Maji yakituama, viazi vinaoza,” akasema. Ana haki. Ukimwambia mkulima wa viazi ayalaze matuta sawasawa na kontua, yaani mstari wa usawa, bila kumwonyesha maji yatokee wapi, unamharibia zao. Tulichofanya ni kuyakingamisha kwa mwinamo mdogo sana, maji yatembee taratibu hadi kwenye mtaro uliopandwa nyasi. Na hata hivyo mteremko una mpaka wake. Kwenye ardhi ya asilimia 3 hadi 8, kulima kwa kukingama hupunguza upotevu karibu nusu. Ukizidi asilimia 25, matuta peke yake hayasaidii kitu cha maana. Hapo ni ngazi, mitaro ya “fanya juu” ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu, au kupanda miti na majani ya mifugo.

Kasoro nyingine naiona nyumbani. Kwetu ni Isimani, Iringa, nchi iliyosifika kwa mahindi miaka ya 1950 na 1960 kabla ardhi haijachoka. Kwenye ramani yangu sehemu kubwa ni kijani, maana miteremko ni ya upole. Lakini nyuma ya nyumba yetu kuna korongo ambalo nilipokuwa mtoto lilikuwa njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji, nami nikiiruka. Leo ng'ombe anaweza kupotelea humo. Kanuni ile haihesabu makorongo. Inahesabu udongo unaokwanguliwa juujuu na vijito vidogo tu. Na udongo wa korongo letu hauishii shambani kwetu: unashuka kuelekea bwawa la Mtera, lililojengwa kutunza maji ya kuzalisha umeme wa Kidatu.

Siitupi ramani. Wilaya nzima siwezi kuitembea kwa miguu, na rangi nyekundu inaniambia nianzie kijiji gani. Ninachokataa ni mtu kukaa ofisini akagawa miche na fedha za hifadhi kwa rangi, bila kupiga magoti shambani.

Msomaji mwenye shamba la mteremko, usisubiri rangi ya mtu. Chukua miti miwili ya mita 2, ifunge vichwa, weka wa tatu katikati kama herufi A, ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka juu. Simamisha fremu, weka alama kamba inapogusa mti wa kati, badilishanisha miguu palepale ilipokanyaga, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Tembea nayo shambani ukipigilia vigingi kila kamba inapotulia kwenye usawa huo. Fanya hivyo Oktoba, kabla ya mvua.