Fahamu: Kwa nini DHIS2 hugoma kuwaka kwenye kompyuta yako

Takwimu za zahanati za Ngara na Biharamulo, kama za Tanzania Bara nzima, huingizwa kwenye DHIS2, programu huria inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kijana anayetaka kujifunza kuiboresha huipakua bure. Mbona basi hugoma?

Nini kinakosekana?
DHIS2 haisimami peke yake. Inategemea Java, Tomcat na hifadhidata ya PostgreSQL yenye kiongezo cha PostGIS, kinachoshughulikia ramani. Kimoja kikikosekana, kazi yote inalala.

Nifanye nini?
Soma ujumbe wa hitilafu hadi mwisho, utafute jina la faili. Ukiambiwa postgis.control haipo, PostgreSQL yako ni nzima; kilichopungua ni kiongezo tu. Kwenye Ubuntu, andika apt search postgis, kisha sakinisha toleo linalolingana na PostgreSQL yako. Kagua pia Java kwa kuandika java -version, maana DHIS2 mpya haikubali Java ya zamani.

Na bando?
Ukisakinisha kwa apt-get, vifurushi hubaki kwenye /var/cache/apt/archives. Vinakili kwenye flashi, ili mwenzako mwenye Ubuntu ya toleo hilohilo asilipie bando upya.