Goti linauma na mbio zimekaribia: uache au ukaze?

Nilipotea kidogo na sababu ni moja tu: goti. La kulia. Sasa kwa kuwa kila nikikutana na kijana aliyeanza kukimbia naulizwa swali lile lile ("kaka, goti linanisumbua, niache au nikaze?"), nimeona leo nimwage yote hapa. Mwenye nalo asome, asiye nalo apite, ila akumbuke mahali ilipo maana siku likimkuta atarudi.

Nianze na yangu. Julai mwaka jana nilipimwa presha nikakutwa na 144 kwa 92. Nina miaka 28. Baba yangu yuko kwenye dawa za presha toka mimi niko darasa la tatu, kwa hiyo daktari aliposema punguza chumvi na uanze mazoezi, sikubisha. Nikajiunga na klabu ya jogging ya mtaani kwetu Manzese, wale jamaa wanaopita Jumapili alfajiri na filimbi na nyimbo wakiamsha watu. Wiki ya kwanza nilikata pumzi kabla hatujafika Magomeni. Wiki ya nane nilikuwa namaliza kilomita 6 huku naimba. Wenzangu wakasema twende nusu marathoni ya Kilimanjaro kule Moshi mwishoni mwa Februari, kilomita 21. Nikalipa.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilikuwa nakimbia kama kilomita 15 kwa wiki, ndani ya wiki tatu nikaruka hadi 32. Pumzi ilikuwepo, kwa nini nisikimbie? Asubuhi moja ya Oktoba nikishuka ngazi za daraja la waenda kwa miguu pale Manzese, nikashtuka nimeshika chuma kama mzee. Maumivu yako mbele ya goti, kama nyuma ya ile pia, lakini ukiambiwa onyesha kwa kidole ni wapi hasa, huwezi. Unazungusha kiganja tu. Kwenye sehemu tambarare nafuu, kushuka ngazi balaa. Na kukaa! Ukikaa saa nzima kwenye kiti cha intaneti kafe magoti yamekunjwa, siku ya kuinuka goti limekuwa bawaba yenye kutu. (Wewe unayesoma sasa hivi huku unalinyoosha mguu chini ya meza, ndiyo, nakusema wewe.)

Ushauri niliopata ungejaza daftari. Kapteni wa klabu akasema maumivu ni udhaifu, kaza. Mama akasema acha kabisa, goti halina spea. Fundi jirani yetu akasema ute umekauka, nile bamia na supu ya kongoro. Jamani, bamia ni mboga nzuri, mimi naipenda, lakini ute wa bamia unaishia tumboni. Ute wa kwenye goti unatengenezwa na ngozi laini iliyozunguka kiungo chenyewe, hauchotwi kwenye sufuria.

Mimi nikafanya la kijinga kuliko yote hayo. Nikapita duka la dawa, nikanunua diklofenaki, nikameza, nikakimbia kilomita 14. Sikusikia kitu. Kesho yake nilishuka ngazi kinyumenyume. Dawa ile haikuponya chochote, ilizima kengele tu, mimi nikaendelea kuligonga goti lenye hasira. Na kumeza diklofenaki au ibuprofeni halafu ukakimbia juani bila maji ya kutosha ni kuziweka figo zako kwenye hatari, achilia mbali vidonda vya tumbo. Isitoshe dawa za kundi hilo zinaweza kupandisha presha, yaani kile kile kilichonitoa nyumbani kwenda kukimbia!

Mwishowe nikaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, dada mmoja mkali kweli kweli. Akanichuchumaza, akanisimamisha mguu mmoja, akabonyeza hapa na pale, hakuona uvimbe wala kulegea kwa kano. Akasema hili ndilo goti la wakimbiaji, maumivu ya pale pia ya goti inapokutana na mfupa wa paja, na eksirei haihitajiki.

Inavyofanya kazi ni hivi. Pia ya goti ni kile kimfupa cha mviringo mbele ya goti, kinateleza kwenye mfereji uliopo mwisho wa mfupa wa paja kila ukikunja na kunyoosha mguu. Ukishuka ngazi, ukichuchumaa, ukikimbia kuteremka, kinagandamizwa kwa nguvu inayozidi uzito wako mara kadhaa. Kilomita moja ya mbio za polepole ina hatua elfu moja na ushee. Piga hesabu mwenyewe ya kilomita 32. Hiyo yote goti linaweza kuibeba, na magoti ya watu yanabeba zaidi ya hapo, ila linataka muda wa kuzoea. Mtego kwa mkimbiaji mpya ndio huo: moyo na mapafu vinazoea ndani ya wiki chache, wakati gegedu, kano na mifupa vinadai miezi. Kwa hiyo unafika siku ambayo pumzi inakuambia twende, na goti bado liko kwenye ratiba ya mwezi uliopita.

Na usidhani ni wewe tu uliyeumbwa vibaya. Uholanzi, mjini Groningen, waliwafuatilia wakimbiaji wapya zaidi ya 500 waliokuwa wakijiandaa kwa mbio za maili 4, majibu yakatoka mwaka 2008. Kundi moja lilipandishwa taratibu sana kwa ile kanuni maarufu ya kuongeza asilimia 10 kwa wiki, lingine likafuata ratiba ya kawaida. Makundi yote mawili, karibu mtu 1 kati ya 5 aliumia. Kwa hiyo hiyo asilimia 10 nayo si hirizi.

Sasa twende kwenye swali lenyewe, kupumzika. Wengi wetu tunajua kupumzika kwa namna moja: kulala, kungoja maumivu yaishe, halafu kurudi Jumapili pale pale tulipoishia. Mimi nilifanya hivyo wiki mbili za mwanzo. Goti likatulia kabisa, nikarudi na kilomita 6, kufika ya tatu tu, lile lile. Kitu kilichosababisha maumivu (mzigo mkubwa kuliko goti lilivyozoea) hakikuguswa. Tena nilipolala lile goti lilizoea mzigo mdogo zaidi, kwa hiyo nilirudi nikiwa nyuma ya nilipoanzia.

Yule dada akanieleza utafiti uliofanyika Quebec, Kanada, uliochapishwa 2018. Walichukua wakimbiaji 69 wenye maumivu haya haya wakawagawa makundi matatu. Wote walifundishwa jinsi ya kupanga mzigo: punguza umbali na kasi, epuka materemko na ngazi kwa muda, kimbia mara nyingi lakini kidogo kidogo. Kundi la pili likaongezewa mazoezi ya nguvu, la tatu likafundishwa kubadili mtindo wa kukimbia. Baada ya wiki 8 makundi yote yalikuwa yamepata nafuu, na hakuna lililowashinda wenzake. Yaani kile kilichokuwa cha wote, kupanga mzigo, ndicho kilichobeba kazi.

Kipimo chao ni rahisi, na ndicho ninachotumia hadi leo. Yape maumivu namba, 0 ni hakuna kitu, 10 ni kilio. Ukiwa unakimbia yasizidi 2. Ukimaliza, ndani ya saa moja yawe yamerudi yalivyokuwa kabla hujatoka. Yakizidi, hujafa, hujaharibu goti, ila safari ijayo punguza. Yasipozidi, umepewa ruhusa. Hakuna kubishana na kapteni hapo.

Kwangu ilianza kwa aibu. Dakika 1 nakimbia, 2 natembea, mara 8, siku nne kwa wiki, peke yangu asubuhi ili wenzangu wasinione. Wiki ya tatu nikawa 2 kwa 1. Wiki ya saba ndipo nikakimbia dakika 20 mfululizo. Siku ambazo sikimbii natembea haraka haraka au naazima baiskeli, kiti kikiwa juu ili goti lisikunjwe sana. Presha haijui tofauti ya mbio na baiskeli, yenyewe inataka moyo ufanye kazi.

Kuhusu hofu ya kupoteza pumzi, ambayo ndiyo inayowafanya vijana wakaze: mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake kule Marekani waliwaambia wanamichezo 7 waliozoea mazoezi makali waache kabisa. Wiki tatu za mwanzo uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7. Walipofika siku 56 ulikuwa umeshuka asilimia 16. Hao waliacha kabisa, na walikuwa na vingi vya kupoteza kuliko mimi na wewe. Wiki mbili za kupunguza hazikurudishi mwanzo. Ukitaka kujua kinachorudisha mtu mwanzo, ni ule mchezo wa kukaza, kulala, kukaza, kulala, mpaka mwaka unaisha.

Mazoezi ya nguvu na mimi nilipewa, kwa sababu watu wengi wenye maumivu haya, wanaokimbia na wasiokimbia, hupata nafuu kwa kuimarisha nyonga na paja. Hayahitaji jimu. Lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka, ushushe taratibu. Lala chali, kunja magoti, inua kiuno. Kaa "kiti cha hewa" mgongo ukiwa ukutani, kwa kina ambacho goti linakubali. Baadaye simama kwenye ngazi moja fupi, ushushe kisigino cha mguu mwingine hadi kiguse chini, polepole, ukiangalia goti lisiingie ndani. Hilo la mwisho nililichukia kwa moyo wote na ndilo lililonisaidia kurudi kwenye ngazi za daraja. Mara tatu kwa wiki, na usitegemee kitu kabla ya wiki ya sita.

Kingine, hatua. Wengi wetu tunarusha mguu mbele kama tunaruka mtaro. Hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa sekunde 30, zidisha kwa 4, ndiyo hatua zako kwa dakika. Mimi nilipata 156. Utafiti wa Wisconsin, Marekani, wa 2011 ulionyesha kwamba ukiongeza hatua kwa asilimia 5 hadi 10 kwa mwendo ule ule, mzigo wa goti unapungua. Nikalenga 164. Siku mbili za kwanza nilijiona kama kuku anayekimbizwa, baadaye nikasahau.

Raba? Za mtumba hazina dhambi ilimradi soli haijalala upande mmoja na mguu unajisikia vizuri. Barafu? Inatuliza maumivu kidogo, basi. Hata daktari Gabe Mirkin aliyeleta ile kanuni maarufu ya barafu na kupumzika mwaka 1978 alikuja kukiri mwenyewe baadaye kwamba barafu na kulala kabisa vinaweza kuchelewesha kupona.

Mama naye nilikuwa na deni lake, lile la goti halina spea. Nikamsomea uchambuzi uliotoka 2017 uliokusanya tafiti nyingi: waliokutwa na kusagika kwa viungo vya nyonga au goti ni asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa afya zao, na asilimia 10.2 ya wasiokimbia. Wanaokimbia kimashindano wa ngazi za juu ndio walifika 13.3. Haimaanishi mbio ni dawa ya magoti, pengine wenye magoti mabovu ndio hawakimbii. Lakini mama alisikiliza, akasema "haya, ila usizidishe".

Kuna goti ambalo haya yote hayalihusu. Likivimba, hasa ndani ya saa chache baada ya kujipinda au kusikia mlio wa "pwa". Likijifunga katikati ya kukunja na likagoma kunyooka. Likikukatikia ukitembea. Likiwa la moto na una homa. Likikuamsha usiku, au usipoweza kulikanyagia. Hapo usisome kitu, nenda hospitali. Na kama una selimundu, maumivu ya viungo mwonyeshe daktari wako kwanza kabla ya kuyapa jina la mbio.

Moshi nilikwenda. Hela ya kilomita 21 ilikwenda na maji, nikalipia upya zile 5, nikakimbia na wamama na watoto wa shule, maumivu namba 1. Halafu nikasimama barabarani kuwangoja wenzangu wakiteremka kutoka kule mlima wa Mweka. Kapteni alipita anachechemea, hakuniangalia.

Presha wiki iliyopita ilikuwa 129 kwa 83. Kesho alfajiri nina kilomita 7, tambarare. Mwenye swali aulize hapo chini nitajibu ninayoyajua, ila picha za eksirei msinitumie, mimi si daktari.