Kwa nini picha hufunguliwa na programu usiyoichagua, na namna ya kuirekebisha

MTU anapobofya picha mara mbili katika kompyuta yake, hutarajia ifunguke kama ilivyofunguka jana. Lakini hutokea siku moja, aghalabu baada ya programu mpya kuingizwa katika mashine, picha ile ile ikafunguliwa na programu nyingine kabisa, na alama ndogo zilizozoeleka za picha zote zikawa zimebadilika.

Wengi hushtuka. Wapo wanaodhani kompyuta imeingiwa na virusi, wapo wanaoamini picha zao zimeharibika, na wapo wanaofikia hatua ya kumlipa fundi ili afute kila kitu na kuiwekea mashine mfumo upya.

Kwa kawaida, katika hali kama hiyo hakuna picha hata moja iliyoguswa. Kilichobadilika ni maelekezo tu: kompyuta imeambiwa itumie programu nyingine kufungulia mafaili ya aina ile. Kuyarudisha maelekezo hayo hakuhitaji fundi wala fedha, na ni kazi ya dakika chache.

Mkia wa jina ndio unaoamua

Jina la faili katika mfumo wa Windows huwa na sehemu mbili zinazotenganishwa na nukta. Katika faili liitwalo harusi.jpg, neno "harusi" ni jina alilolitoa mwenye picha, na herufi "jpg" ni kiendelezi, yaani mkia unaotambulisha aina ya faili.

Windows haiichunguzi picha yenyewe kabla ya kuifungua. Huutazama mkia, kisha huangalia katika rejista yake ni programu gani iliyoandikwa mbele ya mkia huo, na kuiita programu hiyo ifanye kazi. Ni sawa na karani wa mapokezi anayeipeleka bahasha kwa kufuata kilichoandikwa juu yake, bila ya kuifungua kuona kilichomo.

Programu hiyo iliyoandikwa katika rejista ndiyo inayoitwa chaguo-msingi. Kila mkia una chaguo lake.

Mikia ni mingi kwa kuwa aina za picha zilibuniwa katika nyakati tofauti. GIF ilitolewa na kampuni ya CompuServe ya Marekani mwaka 1987, JPEG ikawa kiwango cha kimataifa mwaka 1992, na PNG ikafuata mwaka 1996. Tangu mwaka 2017 simu za Apple zimekuwa zikihifadhi picha zake kwa mkia wa HEIC.

Hapo ndipo penye chanzo cha malalamiko ya mara kwa mara, kwamba mtu amebadilisha programu lakini picha nyingine bado zinafunguliwa na ile ya zamani. Mikia ya jpg na jpeg, kwa mfano, ni ya picha za aina moja. Wa herufi tatu ulitokana na mfumo wa zamani wa MS-DOS, ambao haukuruhusu mkia wenye herufi zaidi ya tatu. Hata hivyo, Windows huihesabu kuwa mikia miwili, na anayebadilisha mmoja hajaugusa wa pili.

Nani hubadilisha?

Katika miaka ya Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, programu yoyote iliyokuwa ikiingizwa katika kompyuta iliweza kujiandikisha yenyewe kuwa mfunguaji wa picha. Nyingi zilionyesha orodha ya aina za picha ikiwa tayari imewekewa alama za kukubali, na mtumiaji aliyekuwa na haraka alibofya kuendelea bila ya kusoma.

Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, kampuni ya Microsoft iliweka kinga. Chaguo la mtumiaji huhifadhiwa pamoja na alama maalumu ya siri, mithili ya muhuri. Programu ikijiandika yenyewe bila ya muhuri huo, Windows huikataa na kurudisha chaguo lake la awali.

Kinga hiyo imepunguza uvamizi, lakini imeleta jambo jingine. Watumiaji wa Windows 10 na 11 huweza kuona tangazo kwamba programu fulani imesababisha tatizo, na kwa hiyo chaguo limerudishwa. Mara nyingi anayerejeshewa kazi ni programu ya Microsoft yenyewe iitwayo Photos.

Kuhama toleo moja la Windows kwenda jingine nako hubadilisha mambo. Wengi waliozoea kitazamio chepesi cha picha cha Windows 7 hawakukiona katika orodha za kompyuta zilizowekewa Windows 10 upya, wakalazimika kuizoea Photos au kutafuta programu nyingine, kama vile IrfanView, ambayo hutolewa bure kwa matumizi ya nyumbani tangu mwaka 1996.

Hatua za kufuata

Njia iliyo rahisi zaidi huanzia kwenye picha yenyewe. Mtumiaji huiweka mishale ya kipanya juu ya picha na kubofya kitufe cha kulia, kisha huchagua "Open with" na baada ya hapo "Choose another app". Orodha ya programu hutokea, naye huchagua aitakayo.

Hatua inayofuata ndiyo inayosahauliwa na wengi. Katika Windows 10 ni lazima kukiwekea alama kisanduku chenye maneno "Always use this app" kabla ya kukubali. Katika Windows 11 hubofywa kitufe cha "Always", si kile cha "Just once". Asiyefanya hivyo ataiona picha ikifunguka kwa programu mpya mara moja tu, kisha mambo yatarudi yalivyokuwa.

Njia ya pili huwafaa wanaotaka kupanga mikia mingi kwa pamoja. Hufunguliwa "Settings", kisha "Apps" na "Default apps". Katika Windows 11, mtumiaji huandika mkia, kwa mfano .png, katika nafasi ya kutafutia iliyo juu, kisha huichagua programu. Ni vyema kuipitia mikia ya jpg, jpeg, png, gif na bmp mmoja baada ya mwingine, ili pasibaki wa kuchanganya.

Ingawa Microsoft ilikoma kuitolea Windows 10 huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025, hatua hizi bado zinafanya kazi katika kompyuta zinazoitumia.

Kwa wenye kompyuta za Mac, huchaguliwa picha, hubonyezwa vitufe vya Command na I kwa pamoja, huteuliwa programu chini ya "Open with", kisha hubofywa "Change All" ili badiliko liyahusu mafaili yote ya aina ile.

Mtazamaji au mhariri?

Kabla ya kuchagua, inafaa kutofautisha programu ya kutazamia picha na ile ya kuihariri. Paint, kwa mfano, ni programu ya kuchorea na kukatia picha. Ikiwa chaguo-msingi, kila picha inayobofywa hufunguka ikiwa tayari kubadilishwa.

Hasara yake huonekana pale mtu anapokata kipande cha picha ili akichapishe, kisha akabofya kuhifadhi kwa mazoea. Picha asili hufutika, na nafasi yake huchukuliwa na kipande. Zaidi ya hayo, picha ya JPEG hubanwa upya kila inapohifadhiwa baada ya kuhaririwa, na kila mara hupoteza sehemu ya ubora wake.

Kwa picha za harusi, za msiba au za mtoto zisizo na nakala nyingine, hiyo si hasara ndogo. Ni salama zaidi kuiacha kazi ya kufungua kwa programu ya kutazamia, na kumwita mhariri kupitia "Open with" pale tu anapohitajika, huku kazi ikihifadhiwa kwa jina jipya.

Kubadilisha mkia si kubadilisha picha

Wapo wanaojaribu kutatua tatizo kwa kuandika upya mkia wa faili, kwa mfano kuigeuza picha ya HEIC iliyotoka kwenye simu iitwe jpg. Hiyo ni sawa na kubadilisha anwani iliyo juu ya bahasha: barua iliyomo ni ile ile. Programu isiyoijua HEIC itashindwa kuifungua kama ilivyoshindwa awali. Njia sahihi ni kuifungua kwa programu inayoielewa, kisha kuihifadhi upya kwa aina inayotakiwa.

Hatari ya mkia uliofichwa

Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, huificha mikia ya mafaili inayoifahamu. Udhaifu huo ulitumiwa vibaya Februari 2001, kirusi kiliposambaa kwa barua pepe duniani kikijifanya kuwa picha ya mchezaji tenisi wa Urusi, Anna Kournikova.

Jina kamili la faili lile lilikuwa AnnaKournikova.jpg.vbs. Katika kompyuta nyingi mkia wa mwisho haukuonekana, na waliolipokea waliona jpg tu. Walipobofya, Windows haikuita kitazamio cha picha. Iliufuata mkia wa kweli, vbs, na kuyatekeleza maagizo yaliyomo, ambayo yalituma barua ile ile kwa kila anwani iliyohifadhiwa katika programu ya Outlook. Kijana wa Uholanzi mwenye umri wa miaka 20 alijisalimisha polisi, na baadaye akahukumiwa kufanya kazi za jamii kwa saa 150.

Kumbe hata aliyekuwa ameichagua programu yake ya picha kwa uangalifu hakusalimika, kwa kuwa chaguo lake lilihusu jpg wala halikuhusu vbs.

Ili kuionyesha mikia katika Windows 11, hufunguliwa dirisha la mafaili, kisha "View", halafu "Show", na kuwekewa alama "File name extensions". Katika Windows 10 alama hiyo hupatikana moja kwa moja chini ya "View".

Kuanzia hapo mwenye kompyuta ataona jina zima la kila faili analoletewa kwa barua pepe au kwa flashi. Akiona "picha" ambayo mkia wake wa mwisho ni vbs au exe, asiibofye, hata kama imetoka kwa mtu anayemfahamu.