Je, Wajua? Mshtuko wa Kwanza wa Wimbi Huonyesha Miamba Ilivyoteleza

Katika michoro ya kipimatetemeko, alama iliyo ndogo kuliko zote, yaani mshtuko wa kwanza wa mstari, ama kwenda juu ama kwenda chini, ndiyo inayoeleza namna miamba ilivyoteleza kilomita nyingi chini ya ardhi. Mshtuko huo huletwa na wimbi la P, ambalo huyatangulia mawimbi mengine yote ya tetemeko na ambalo, kama sauti, husafiri kwa kuibana na kuiachia miamba ya njiani.

Pande mbili za ufa zinapopishana ghafla, kila upande huusukuma mwamba ulio mbele yake na kuuvuta ulio nyuma yake, hivyo eneo linalokizunguka kiini cha tetemeko hugawanyika katika robo nne zinazopokezana: mbili za msukumo, ambazo vituo vyake huona mstari ukianza kwa kupanda, na mbili za mvuto, ambako huanza kwa kushuka. Mtaalamu huzirudisha alama za vituo vyote kwenye tufe la kufikirika linalokizunguka kiini, akizingatia jinsi njia ya wimbi inavyopinda ndani ya dunia, kisha hutafuta mabapa mawili yanayokatana kwa pembe ya digrii 90 na kuzitenga robo hizo. Bapa moja ni ufa wenyewe. La pili ni zao la hesabu tu, na kwa kuwa mishtuko ya kwanza haiwezi kubainisha lipi ni lipi, hutazamwa pia mpangilio wa matetemeko madogo yanayofuata au mpasuko ulioonekana juu ya ardhi.

Kwa muda mrefu njia hii haikuaminika sana, kwani mara nyingi asilimia 15 hadi 20 ya alama zilipingana na jibu lililotolewa. Hali ilibadilika miaka ya 1960, Marekani ilipoeneza duniani vituo vyenye mitambo ya aina moja, hasa kwa nia ya kugundua majaribio ya nyuklia, ambayo, tofauti na tetemeko, husukuma pande zote kwa pamoja. Mtandao uliozaliwa na hofu ya vita ukageuka hazina ya elimu ya miamba.

Mwaka 1967 mtaalamu wa matetemeko Lynn Sykes aliutumia mtandao huo kuamua ubishi mkubwa. Safu ya milima iliyo chini ya Atlantiki hukatwa vipandevipande na nyufa zinazoikingama, na ilidhaniwa kwamba ni safu moja iliyokatwa na kusogezwa. Lakini mwanasayansi Tuzo Wilson wa Kanada alikuwa amedai mwaka 1965 kwamba sakafu mpya ya bahari huzaliwa katika kila kipande na kusambaa pande zote mbili, kwa hiyo miamba iliyo kati ya ncha za vipande hupishana kinyume cha dhana hiyo. Matetemeko 10 ya nyufa za aina hiyo ambayo Sykes aliyachunguza yote yalimuunga mkono Wilson, na alama zilizopingana na majibu yake hazikufika asilimia 1.

Matokeo ya njia hii huchorwa kama duara lenye robo nyeusi za msukumo na nyeupe za mvuto. Duara lililo jeupe katikati huonyesha ardhi inayovutwa na kutanuka, na tetemeko la Toro, magharibi mwa Uganda, la tarehe 20 Machi 1966, lilikuwa la aina hiyo, kama yalivyo mengi ya Bonde la Ufa.