Wosia wa zamani na utata wa mirathi Afrika Kusini

Mwanamume mmoja mkazi wa Cape Town alipofariki dunia mwezi Aprili mwaka 2016, aliacha wosia uliomtaja mrithi mmoja tu: mama yake mzazi. Mama huyo alikuwa amekwisha kufariki mwaka 2013.

Marehemu hakuwa ameoa, lakini alikuwa na mchumba, mwanamke kutoka Zimbabwe aliyekuwa mtumishi wa nyumbani. Walikutana mwaka 2014, na mwezi Juni 2016 walikusudia kusafiri kwenda Zimbabwe kwa mazungumzo ya mahari.

Kwa kuwa mrithi pekee hakuwepo tena, mali ikahesabiwa kuwa ya mtu asiyeacha wosia. Sheria ya mwaka 1987 inayohusu mirathi ya namna hiyo ilimtambua mume au mke, si mwenza aliyeishi na marehemu bila ya ndoa.

Shauri hilo lilifika katika Mahakama ya Katiba mjini Johannesburg. Tarehe 31 Desemba 2021, majaji walio wengi waliamua kuwa kuwabagua wenza wa kudumu waliokuwa wakitunzana ni kinyume cha katiba. Hukumu hiyo iliandikwa na Jaji Mbuyiseni Madlanga.

Uamuzi huo ni mkubwa, lakini ulichukua zaidi ya miaka mitano. Wosia mpya ungeandikwa kwa alasiri moja.

Talaka na ndoa

Wengi hudhani kuwa talaka humwondoa mtalaka katika wosia. Sheria ya Wosia ya mwaka 1953 hufanya hivyo kwa miezi mitatu tu. Mtu akifariki ndani ya muda huo, mtalaka wake huhesabiwa kama aliyetangulia kufa, isipokuwa wosia wenyewe uoneshe nia tofauti. Miezi hiyo ikipita bila ya mabadiliko, sheria huchukulia kuwa jina limeachwa kwa makusudi, na mtalaka hurithi.

Kuoa au kuolewa nako hakufuti wosia nchini Afrika Kusini. Mkenya anayeishi Johannesburg aangalie hapo, kwani kwa sheria ya Kenya ndoa kwa kawaida huubatilisha wosia ulioandikwa kabla yake.

Rais wa zamani Nelson Mandela aliandika wosia wake mwaka 2004 na kuurekebisha kwa mara ya mwisho mwaka 2008. Ulipotangazwa mjini Johannesburg tarehe 3 Februari 2014, mali yake ilikadiriwa kufikia randi milioni 46. Winnie Madikizela-Mandela, ambaye ndoa yao ilivunjika mwaka 1996, hakutajwa. Alidai nyumba ya Qunu mahakamani, na rufaa yake ikatupwa mwezi Januari 2018.

Utaratibu

Wosia huwa wa maandishi. Mwenye wosia hutia saini kila ukurasa, mbele ya mashahidi wawili waliotimiza umri wa miaka 14, nao pia husaini. Marekebisho hufuata masharti hayo hayo. Kufuta jina kwa kalamu na kuandika jingine pembeni hakutoshi. Shahidi, pamoja na mume au mke wake, kwa kawaida hawezi kurithi chochote katika wosia aliouthibitisha.

Kwa wasio na fedha za wakili, kila mwaka mawakili wanaoshiriki katika Wiki ya Wosia huandika wosia wa kawaida bila malipo.