Mwalimu Huanza Kufundwa Akiwa Darasa la Tatu

Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, aliandika katika kitabu chake *Schoolteacher* kwamba hadi anapomaliza sekondari, kijana wa nchi hiyo amekaa na walimu darasani kwa takribani saa 13,000. Huo ni uanagenzi mrefu, ila una pengo: mtoto huona anachofanya mwalimu, haoni sababu zake.

Sisi wakufunzi wa ualimu tunalikuta pengo hilo kila msimu wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, hasa kwenye Maarifa ya Jamii. Mwanachuo anafundisha Vita vya Maji Maji. Anauliza vilianza mwaka gani, darasa zima linaitikia, "1905!" Anageukia ubao, anajaza nukuu, watoto wananakili. Mmoja ananyoosha mkono: kwa nini watu waliamini maji? Anajibiwa kwamba hilo haliulizwi kwenye mtihani.

Hakuna mkufunzi aliyemfundisha hivyo. Aliyachukua yote kwa mwalimu wake wa shule ya msingi, ambaye huenda alikuwa na kitabu kimoja kwa darasa lililofurika, na nukuu za ubaoni ndizo zilikuwa kitabu cha watoto wale. Ile ilikuwa busara ya mwalimu katika dhiki. Mwanafunzi wake amerithi tendo bila sababu, na leo ananakilisha hata pale ambapo kila dawati lina kitabu.

Hasara yake ni kubwa. Swali la yule mtoto ndilo kiini cha somo: maji ya dawa ya mganga Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe yaliwaunganisha watu wa makabila mengi wasiokuwa na mtawala mmoja. Anayenyamazishwa hapo hujifunza kwamba habari za jamii yake ni za kukariri. Nyerere alililalamikia jambo hili katika *Elimu ya Kujitegemea*, 1967: shule inamfanya mtoto aone kuwa maarifa yote yamo vitabuni, na wazee wake hawana la kumwambia.

Tangu hapo somo la Siasa limelipisha la Uraia, na Maarifa ya Jamii yameunganishwa na kutenganishwa. Mtaala hubadilishwa kwa waraka. Mazoea ya utotoni hayasikii waraka.

Ndiyo maana nashauri kila mwanachuo, kabla ya andalio lake la kwanza la somo, aandike kipindi kimoja anachokikumbuka tangu shule ya msingi, kisha akisie mwalimu wake alikusudia nini na alibanwa na nini. Wapo watakaokumbuka nukuu tu. Wapo watakaokumbuka siku walipoupima uwanja kwa hatua, wakauchora mchangani kwa kijiti, hatua kumi zikawa shubiri moja, na skeli ya ramani ikawakaa kichwani moja kwa moja. Akishatenga kusudi la mwalimu wake na yale yaliyombana, na arudi kwenye Maji Maji aandae kipindi upya, akianza na swali ambalo watoto watakwenda nalo kwa wazee nyumbani: kule Nandete, Umatumbini, kwa nini watu walianza vita kwa kung'oa pamba?