Bushi Haizunguki

Ukikaza boliti za amu ya chini, ule mkono unaounganisha gurudumu na chesisi, gari likiwa bado linaning'inia juu ya jeki, bushi mpya uliyoifunga imeshaanza kufa. Itavumilia miezi kadhaa, kisha mgongo wa tuta la barabarani utaanza kutoa ule mlio wa zamani, na lawama zitamwendea muuza spea kwamba kauza feki. Huenda kweli kauza feki, zipo nyingi. Lakini kabla ya kumrudia dukani, inafaa kujua bushi inafanya kazi gani hasa, maana umbo lake linadanganya.

Ukiishika mkononi unaona bomba dogo la chuma ndani ya bomba kubwa, na mpira katikati. Aliyezoea beringi hudhani bomba la ndani huzunguka ndani ya lile la nje. Halizunguki. Mpira umeshikishwa na chuma kiwandani kwa gundi na joto, pande zote mbili. Boliti ikikazwa, bomba la ndani hubanwa kati ya masikio mawili ya chesisi lisiweze kusogea. Bomba la nje nalo limeshindiliwa kwenye tundu la amu. Gurudumu linapopanda na kushuka, cha kutii kimebaki kimoja tu, mpira, nao husokotwa na kurudi, husokotwa na kurudi. Hakuna kinachoteleza, ndiyo maana hakuna grisi. Malori ya zamani yenye pini za chuma kwenye springi yalidai kupigwa grisi kila mara, na utingo aliyesahau alisikia kelele zake.

Sasa tupige hesabu. Tuseme amu ina urefu wa sentimita 35 kutoka kwenye bushi hadi kwenye boli jointi iliyo upande wa gurudumu. Gari likinyanyuliwa, gurudumu hushuka, tuseme sentimita 9, na amu inakuwa imeinama kama digrii 15. Ukikaza boliti hapo, umeuchagulia mpira mahali pake pa kupumzikia. Gari likishuka chini, mpira unasokotwa zile digrii 15 na kubaki hivyo usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa. Kila shimo na kila rasta inaongeza mzigo juu ya mzigo.

Kwa hiyo boliti hushikizwa tu mwanzoni, gari likashushwa na kutikiswa mara mbili tatu likae sawa, ndipo zikakazwa. Kama huna shimo la kuingilia chini ya gari, weka jeki ya pili chini ya amu, karibu na boli jointi, uipandishe mpaka umbali kati ya katikati ya gurudumu na ukingo wa bodi ulingane na uliokuwepo gari lilipokuwa limesimama. Umbali huo upimwe mapema, kabla ya kulegeza nati yoyote. Na gari lenyewe likae juu ya stendi. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kumlinda mtu aliyelala chini ya tani moja ya chuma.

Kwa nini mpira hurudi ulikotoka? Utomvu mbichi wa mpira hunata kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi. Mwaka 1844 Charles Goodyear wa Marekani alipata hataza ya kuupika pamoja na salfa, na miaka hiyohiyo Thomas Hancock alipata ya kwake Uingereza. Salfa hufunga molekuli ndefu za mpira moja kwa nyingine, kama mafundo ya wavu uliorundikwa ndani ya ngalawa: vuta pembe, utafuata na kurefuka, ila nyuzi hazitaachana. Viwanda huongeza masizi pia, yanayoupa mpira nguvu pamoja na weusi wake.

Mpira una tabia nyingine isiyojulikana sana. Hubadili umbo kwa urahisi, lakini hukataa kabisa kupunguzwa ujazo. Tabaka jembamba likifungiwa kati ya mabomba mawili, ukilisukuma kutoka ubavuni halina pa kukimbilia, kwa hiyo linakuwa gumu. Ukilisokota, linakubali. Bushi hiyohiyo ni ngumu upande mmoja na laini upande mwingine, bila sehemu hata moja ya ziada. Wabunifu huenda mbali zaidi: bushi kubwa ya nyuma ya amu nyingi huachwa na matundu ya makusudi, ili iwe laini mbele na nyuma na kumeza kishindo cha shimo, lakini ibaki ngumu kuelekea pembeni usukani usiyumbe. Ukiifunga imegeuka robo mzunguko, umeibadilishia kazi. Kabla ya kuitoa ya zamani, kwangua alama kwa tupa kwenye amu, mkabala na tundu.

Adui wa mpira huu yuko hewani. Jua linapopiga moshi wa magari hutokea ozoni karibu na ardhi, nayo hushambulia vifungo vya kaboni vilivyomo ndani ya mpira. Hushambulia zaidi pale mpira ulipovutwa, na nyufa hukata kwa kukingama na mvuto. Hapo ndipo boliti iliyokazwa vibaya inaposhirikiana na hewa ya mjini: mpira uliosokotwa muda wote umevutwa muda wote. Oili inayovuja kutoka kwenye injini ni muuaji mwingine, kwani mpira wa asili hunyonya mafuta ya petroli, huvimba na kulainika. Kwa hiyo unapoingiza bushi mpya, ilainishe kwa maji ya sabuni. Grisi iache pembeni.

Kuikagua, ingiza mtaimbo kati ya amu na chesisi, usukume taratibu. Mpira kucheza kidogo ni kawaida, na nyufa za juujuu peke yake si hukumu. Tafuta mahali mpira ulipobanduka kutoka kwenye chuma. Dalili za barabarani ni gari kuvuta upande ukikanyaga breki na tairi kuliwa ukingo mmoja.

Kuitoa ndiko kunakowatoa watu jasho. Wapo wanaoichoma kwa moto: inatoka, lakini moshi wake ni sumu na chuma cha amu hupikwa bila sababu. Boliti ndefu ngumu ya milimita 12, washa nene na soketi kubwa ya kupokelea bushi vinatosha. Uzi wa boliti hiyo husogea milimita 1.75 kwa mzunguko, wakati kiganja kwenye spana ya sentimita 30 kinasafiri karibu mita 1.9. Nguvu imezidishwa zaidi ya mara 1,000. Msuguano unakula kama tisa ya kumi, na bado kilo 20 za mkono zinakuwa msukumo wa tani mbili hivi. Paka grisi kwenye uzi (hapo inaruhusiwa, kisha ufute). Bushi mpya ilaze kwenye friza usiku kucha. Ya kipenyo cha milimita 40, kutoka nyuzi 28 hadi 18 chini ya sifuri, husinyaa milimita 0.02 tu, lakini tundu lenyewe huwa dogo kuliko bushi kwa sehemu ndogo hivyohivyo ya milimita.

Haya ni kwa gari ambalo springi imefungwa kwenye shokapu, kama yalivyo magari mengi madogo ya Kijapani kwa mbele. Springi ikiwa imekalia amu yenyewe, nenda gereji, ikifyatuka inaua.

Bushi za kuchonga, za nailoni, huvutia kwa bei na ugumu. Hizo kweli huzunguka, hivyo boliti unaweza kuzikaza popote, ila zinadai grisi na kila mtetemo zinaupeleka moja kwa moja kwenye bodi. Kwa gari la familia mimi nisingezifunga. Na ukishamaliza, peleka gari kwenye alaimenti wiki hiyohiyo: bushi mpya imeirudisha amu mahali pake kwa milimita chache, na vipimo vya magurudumu bado ni vile vilivyowekwa kufidia bushi iliyochoka.